Shavu la mtoto likivimba pole pole: mambo ambayo kila mama ajue

Katika vikao vyetu vya wamama, neno "kansa" likitajwa, nyumba nzima inanyamaza. Uvimbe usiouma ukitajwa, tunasema haraka: "Acheni, utaisha wenyewe." Leo ninaandika juu ya ugonjwa unaokaa katikati ya maneno hayo mawili. Ni ugonjwa wa mfupa wa taya. Si kansa, na wengi wanaishi nao mpaka uzeeni. Lakini kwa watu wachache sana, siku moja unageuka kuwa kansa. Mama anayeujua hatauza shamba kwa sababu ya hofu, na hatalala usingizi siku ile ugonjwa utakapobadilika.

Ukuta wenye tofali mbichi

Tuchukue mfano wa nyumba. Ukuta mzuri unajengwa kwa tofali zilizochomwa. Sasa fikiria fundi ambaye, kwenye sehemu moja tu ya ukuta, anapanga nyasi na udongo mbichi badala ya tofali. Ukuta unasimama, lakini sehemu ile inavimba nje na haina nguvu kama nyingine. Ndivyo inavyokuwa katika ugonjwa huu. Mwili unajenga nyuzi na mfupa mchanga usiokomaa mahali palipopaswa kuwa na mfupa mgumu. Kwa Kiswahili tunaweza kuuita displasia ya nyuzi. Kwenye karatasi ya hospitali daktari ataandika kwa Kifaransa: dysplasie fibreuse. Maneno hayo mawili yaandikeni kwenye daftari, kwa sababu mtayahitaji.

Ugonjwa huu unaweza kushika mfupa wowote: paja, mbavu, mkono, fuvu la kichwa. Kwenye uso, taya la juu linashikwa zaidi kuliko la chini. Kwa kawaida unaanza utotoni au katika miaka ya kubalehe. Shavu la upande mmoja linakuwa kubwa kuliko la pili. Ukigusa, ni kugumu kama mfupa, si laini kama jipu. Mara nyingi mtoto hasikii maumivu. Meno yanaweza kusogea, na mtoto anapouma, meno ya juu na ya chini hayakutani vizuri. Uvimbe unaongezeka kidogo kidogo kwa miaka. Mtu akimaliza kukua, kwa wengi unapunguza mwendo au unasimama.

Kuna watoto ambao mifupa yao mingi imeshikwa kwa pamoja. Baadhi yao wana pia madoa ya rangi ya kahawa kwenye ngozi, na kuna wasichana wanaopata damu ya mwezi mapema sana, hata kabla ya miaka 8. Mama akiona mambo hayo kwa mtoto mmoja, asiyatenganishe. Ayaseme yote mbele ya daktari siku moja, kwa sababu yanaweza kuwa na shina moja.

Si karuho, si laana, si kosa la mama

Kwetu uvimbe wa uso haukosi maneno. Wengine watasema ni karuho, wengine watamtazama bibi mzaa baba, wengine watasema mama alikula kitu kibaya akiwa na mimba. Wanawake wamefukuzwa kwenye ndoa kwa maneno madogo kuliko hayo.

Ukweli ni huu. Mtoto akiwa bado mdogo kabisa tumboni, wakati mwili wake unaanza kugawanyika chembe kwa chembe, katika chembe moja kunatokea kosa dogo kwenye maandishi yanayouambia mwili namna ya kujenga mfupa. Watafiti walilitambua kosa hilo mwaka 1991 kwa watoto wenye mifupa mingi iliyoshikwa na madoa ya ngozi. Halikutoka kwa baba wala kwa mama. Halipiti kwa mtoto anayefuata. Haliambukizi, hata watoto wakilala kitanda kimoja na kula sahani moja. Hakuna chakula kinacholeta kosa hilo, na hakuna mtu anayeweza kulituma. Wababa nao wasome sehemu hii.

Sasa, kansa inaingia wapi?

Mwaka 1945 madaktari wa Marekani waliandika juu ya mgonjwa mwenye ugonjwa huu ambaye mfupa wake uligeuka kuwa na kansa. Tangu hapo wengine waliendelea kuhesabu. Mwaka 1994 madaktari wa hospitali ya Mayo Clinic, kulekule Marekani, walitoa hesabu yao. Walipitia mafaili ya watu 1122 wenye displasia ya nyuzi. Kati yao, 28 walikuwa na kansa ya mfupa. Ni kama watu 25 kwenye kila 1000. Tukumbuke pia kwamba hospitali kubwa kama ile inapokea wagonjwa wagumu kutoka mbali. Hesabu nyingine zinaonyesha chini ya mtu 1 kwa kila 100.

Mimi ni mwalimu, na hesabu napenda kuisoma kwa pande zote mbili. Upande wa kwanza: kati ya wale 1122, watu 1094 hawakupata kansa hiyo. Mama asimlilie mtoto wake kama aliyekwisha kufa. Upande wa pili: wale 28 walikuwa watu kweli, na wa kwetu anaweza kuwa mmoja wao. Kwa hiyo hatuogopi, lakini hatusahau.

Katika hesabu ileile kuna jambo lingine la kushika. Kati ya wale 28, watu 13 walikuwa wamechomwa kwa mionzi ya matibabu hapo mbele, ili uvimbe upungue. Zamani baadhi ya madaktari walitumia mionzi hiyo kwa ugonjwa huu. Leo wanajua kwamba mionzi inaongeza hatari ya mfupa kugeuka, na kwa displasia ya nyuzi haitumiki tena kama dawa. Lakini msichanganye mambo. Picha ya radio, ile inayoonyesha mifupa, inatumia mionzi kidogo sana. Mtoto akitumwa kupigwa picha ya radio, mpelekeni bila wasiwasi.

Kugeuka huko hakutokei kwa wiki moja baada ya uvimbe kuonekana. Mara nyingi kunakuja miaka mingi baadaye, kwa mtu mzima. Hapo ndipo hatari yetu ilipo. Msichana aliyevimba shavu akiwa na miaka 11 ataolewa, atazaa, atahamia mji mwingine. Watu watalizoea shavu lake, na yeye mwenyewe atalizoea. Siku likianza kuuma akiwa na miaka 35, atasema: "Ni lile langu la zamani." Ni maneno hayo yanayochelewesha.

Dalili za kugeuka

Mwenye uvimbe wa zamani kwenye taya aende hospitali bila kungoja mwisho wa mwezi akiona moja kati ya haya:

Kwanza, uvimbe uliokuwa umetulia unaanza kukua tena, na unakua kwa majuma, si kwa miaka.

Pili, maumivu yanaingia mahali ambapo hayakuwapo, hasa yale yanayomwamsha mtu usiku.

Tatu, mdomo au kidevu kinakuwa na ganzi, kama mtu aliyechomwa sindano ya kung'oa jino.

Nne, meno yaliyokuwa imara yanalegea bila sababu.

Tano, ndani ya kinywa kunatokea kidonda kisichopona, au damu inatoka kwenye ufizi au kwenye pua upande wa uvimbe.

Sita, jicho la upande ule linasukumwa nje, au macho yanaanza kuona ukungu. Hii inaweza kutokea hata bila kansa, kwa sababu mfupa unabana njia ya mshipa wa jicho. Hata hivyo haingoji.

Kwa mama mwenye mimba neno moja zaidi. Kuna wanawake ambao uvimbe wao umeongezeka wakati wa mimba. Si lazima iwe kansa. Lakini aseme siku ya kupimwa mimba, asifikiri kwamba mkunga anahusika na tumbo peke yake.

Si kila uvimbe wa taya ni huu

Jambo hili ni la lazima kwa wenye watoto wadogo. Mwendo wa uvimbe unatuambia mengi kabla ya daktari kushika chochote.

Uvimbe wa siku mbili tatu, wenye homa, maumivu makali na jino lililooza, kwa kawaida ni jipu la jino. Unatibiwa kwa dawa na kwa kushughulikia jino lenyewe. Usipotibiwa, usaha unaweza kushuka shingoni na kufunga pumzi. Kwa hiyo nao si wa kuchezea.

Uvimbe wa taya unaokua kwa siku na majuma kwa mtoto wa miaka 3 mpaka 10, meno yakilegea mapema, au tumbo pia likivimba, ni alama ya hatari kubwa. Unaweza kuwa limfoma ya Burkitt. Jina hilo linatoka kwa Denis Burkitt, daktari mpasuaji kutoka Ireland aliyefanya kazi kwa jirani zetu wa Uganda, katika hospitali ya Mulago, Kampala. Mwaka 1958 aliandika juu ya watoto wa Afrika wenye uvimbe wa mataya, na dunia ikaanza kuuelewa ugonjwa huo. Unaonekana zaidi katika nchi zenye malaria nyingi kama yetu. Ni kansa tangu siku ya kwanza, haikugeuka kutoka kwenye ugonjwa mwingine, na inakimbia sana. Lakini ina jambo moja jema: inasikia dawa. Watoto wengi wanapona wakifika mapema. Mtoto wa namna hiyo hangoji soko la Jumamosi.

Uvimbe wa mtu mzima, mara nyingi kwenye taya la chini, unaokua pole pole na kuufanya mfupa uwe mwembamba kama ganda la yai, unaweza kuwa ameloblastoma. Unatoka kwenye chembe zinazojenga jino. Nao kwa kawaida si kansa, lakini unakula mfupa, na ukikwanguliwa juu juu unarudi. Unahitaji upasuaji uliofanywa vizuri mara ya kwanza.

Mnaona kwamba kwa macho peke yake hatuwezi kumaliza neno. Mama anaweza kuhesabu siku na kuona mwendo. Jina la ugonjwa linatolewa hospitalini.

Hospitali itafanya nini?

Anzeni kwenye kituo cha afya, mwombe karatasi ya kutumwa kwenye hospitali kubwa, kwa daktari wa meno au mpasuaji. Ataangalia, atagusa, atauliza uvimbe ulianza lini. Kisha ataomba picha ya radio. Katika ugonjwa wetu huu, mfupa kwenye picha unaonekana kama kioo kilichosuguliwa, kile kisichoonyesha vizuri kilicho nyuma yake. Mahali penye skana, picha itakuwa wazi zaidi.

Akiwa na shaka, atakata kipande kidogo cha uvimbe kwa sindano ya ganzi na kukituma kwenye maabara, kichunguzwe kwa darubini. Wamama wengi wanaogopa hapo. Wamesikia kwamba "ukigusa kwa kisu, kansa inaamka." Sivyo. Kipande hicho ndicho kinachotofautisha displasia na kansa. Bila hicho, tunatibu gizani. Kwetu mara nyingi kipande kinatumwa mji mwingine na jibu linachukua majuma. Acheni namba ya simu inayopatikana, na mrudi kuuliza hata kama hamjaitwa.

Jibu likiwa displasia iliyotulia, huenda daktari asifanye upasuaji wowote. Msikasirike na kusema kwamba mmepoteza pesa. Kufuatilia ni matibabu. Ikiwa uso umepinda sana, daktari anaweza kukwangua mfupa ili shavu lilingane, na wengi wanapendelea kungoja mtoto amalize kukua, kwa sababu ukikwanguliwa mapema unaweza kuongezeka tena. Jibu likiwa kansa, kazi ni kubwa: upasuaji wa kutoa sehemu yote yenye ugonjwa, na kwa wengine dawa za kansa pia. Kadiri uvimbe ulivyo mdogo siku ya kufika, ndivyo daktari anavyopata nafasi ya kuutoa wote.

Tukiwa mbele ya daktari tuulize maneno manne, na tuombe majibu yaandikwe: Ugonjwa unaitwaje? Nyama imepimwa au ni picha tu? Turudi lini? Dalili gani itulete kabla ya tarehe hiyo?

Pesa na mpangilio wake

Tunajua namna inavyokwenda vijijini kwetu. Mbuzi wa kwanza anaenda kwa mganga wa kuchanja. Wa pili anaenda kwa yule anayechoma kwa chuma cha moto. Siku ya picha ya radio ikifika, zizi limekwisha. Kuchanja na kuchoma hakupunguzi mfupa hata kidogo. Kunaleta kidonda, usaha na kovu, na baadaye daktari anashindwa kujua kidonda kipi ni cha chuma na kipi ni cha ugonjwa. Mbuzi wa kwanza awe wa picha ya radio.

Ninapendekeza vikundi vyetu vya likelemba na AVEC vifanye jambo dogo: katika ile sehemu ya sanduku inayowekwa kwa ajili ya shida, tukubaliane kwamba picha na kipimo cha nyama vinahesabiwa sawa na kulazwa hospitalini. Mara nyingi tunachanga mgonjwa akiwa amelala. Kwa uvimbe, mchango wa maana ni ule wa siku anapotembea bado kwa miguu yake.

Daftari ya shavu

Kwa mtoto au mtu mzima ambaye ugonjwa wake umekwisha kujulikana, kazi ya nyumbani ni hii. Kila mwanzo wa mwezi wa tatu, mpige picha kwa simu, mbele na pande zote mbili, mahali palepale penye mwanga. Asiye na simu aombe ya jirani, na kisha picha zitunzwe kwenye simu mbili. Kwenye daftari andika tarehe, na maneno machache: kunauma au hakuumi, meno yako imara au yanalegea, mdomo una ganzi au hauna. Baada ya mwaka mmoja daktari ataona kwa dakika mbili kile ambacho sisi hatuwezi kumweleza kwa saa nzima.

Picha ya radio na karatasi ya jibu zifungeni ndani ya plastiki, mziweke pamoja na vyeti vya kuzaliwa na vya shule. Sisi tunaoishi katika mkoa wa kukimbia tunajua ni mfuko gani mtu anashika wa kwanza akisikia risasi. Karatasi hiyo iwe ndani ya mfuko huo. Mgonjwa akifika mji mwingine bila karatasi, anaanza upya, na picha ya zamani ndiyo inayomwonyesha daktari kama mfupa umebadilika.

Neno kutoka darasani

Mtoto mwenye uso uliopinda anajifunza mapema kukaa nyuma. Akiitwa kusoma kwa sauti, anafunika shavu kwa mkono. Wenzake wamempa jina, na jina hilo linamfuata mpaka njia ya kwenda kuchota maji. Nimeona watoto wenye akili nzuri wakiacha masomo kwa sababu ya jina tu. Mama mwenye mtoto wa namna hiyo aje kwa mwalimu mwanzoni mwa mwaka, amweleze ugonjwa unavyoitwa na kwamba hauambukizi. Mwalimu anayejua ataweza kulisema darasani kwa maneno rahisi, na watoto wakielezwa vizuri wanaacha mapema kuliko watu wazima.

Mtoto mwenyewe naye aelezwe. Wahenga walisema mficha maradhi kilio kitamuumbua. Msichana wa miaka 12 anaweza kuelewa kwamba mfupa wake una sehemu isiyokomaa, kwamba si kansa, na kwamba kuna dalili sita za kuangalia maisha yake yote. Sisi mama zake hatutakuwa naye akifika miaka 35 katika mji mwingine. Dalili hizo aziandike kwa mkono wake mwenyewe, kwenye daftari yake, na aende nayo siku atakapoolewa.

Kwenye mkutano ujao kila kikundi kiulize: nani kwetu ana uvimbe wa taya ambao haujapata jina? Tukimjua, tumsindikize juma lile lile.